Pesa Ziko, Lakini Hazitoki

Risiti ya ATM ina mistari miwili ya salio, na watu wengi husoma mmoja tu. Mstari mmoja unaweza kuonyesha shilingi 23,000 na wa pili shilingi 8,000, zote za akaunti ile ile, saa ile ile. Mwenye kadi akiomba 15,000, mashine inakataa. Anayengoja nyuma yake kwenye foleni, iwe ni Embu mjini au Meru karibu na soko la Gakoromone, atamwambia labda mtandao umeanguka. Akipiga simu benki anapewa jibu linalomchanganya zaidi: pesa zako hazijaibwa, hazijakatwa, zimeshikwa. Zimeshikwa na hoteli. Lakini hoteli si alishailipa, akarudisha ufunguo, akaenda zake?

Hapo ndipo ugomvi huanza, na kila upande huwa na kipande chake cha ukweli. Mwenye hoteli anasema hajapokea hata senti. Benki inasema inafuata kanuni za mtandao wa kadi. Mteja anasema pesa zake hazitoki. Wote watatu wanasema kweli, na ndiyo maana malalamiko haya hayaishi. Swali linalofaa kuulizwa ni nani anabeba gharama ya kungoja, na kama anayeibeba ndiye aliyepaswa kuibeba.

Chanzo ni bei isiyojulikana

Pesa hushikwa pale kadi inaposomwa kabla bei kamili haijajulikana. Linganisha na kituo cha mafuta. Huku kwetu Kenya dereva anafungua dirisha, anasema "weka ya elfu mbili", mhudumu anamimina, mashine ya kadi inaletwa mwisho. Bei inajulikana, kwa hiyo hakuna cha kushika. Marekani dereva hujimiminia mwenyewe, na kadi husomwa kabla ya tone la kwanza. Pampu haijui kama atajaza galoni tatu au thelathini, ndiyo maana mwaka 2022 Visa na Mastercard ziliruhusu vituo vya huko kushika hadi dola 175, kutoka dola 125. Jamaa zetu walio ughaibuni wanaujua mchezo huo vizuri.

Kwa sehemu kubwa, biashara ya Meru na Embu haina bei za namna hiyo. Nauli ya matatu ya Nairobi hulipwa kabla ya gari kuondoka. Bei ya kilo ya maharagwe hukubaliwa kwa mdomo kabla mizani haijaguswa. Hoteli ya kulala ni tofauti. Mgeni akifika mapokezi haijulikani kama atalala usiku mmoja au mitatu, kama ataagiza nyama choma na soda, kama ataondoka na taulo. Magari ya kukodisha yana shida hiyo hiyo: bei ya siku inajulikana, mkwaruzo wa mlangoni haujulikani. Kuna pia huduma za intaneti zinazoshika kiasi kidogo, mara nyingi dola moja, ili kuhakikisha kadi iko hai unapoiunganisha mara ya kwanza. Hicho huachiliwa chenyewe na hakimsumbui mtu sana, ila kikitokea saa saba usiku humshtua mtu.

Mashine hufanya nini

Karani wa mapokezi anachukua ile mashine ya kadi, PDQ, na badala ya kuchagua malipo ya kawaida anachagua idhini ya awali. Mgeni anaingiza namba ya siri. Ombi linapita benki ya hoteli, linapita mtandao wa Visa au Mastercard, linafika benki iliyotoa kadi, na jibu linarudi na namba ya idhini yenye herufi au tarakimu sita. Karatasi nyembamba inatoka, juu imeandikwa PRE-AUTH kwa herufi kubwa. Kufikia hapo hakuna pesa iliyokwenda hotelini. Benki ya mteja imeweka uzio tu: salio la hesabu limebaki vile vile, salio linalotumika limepungua.

Siku ya kuondoka, karani anapaswa kurudi kwenye idhini ile ile, aingize ile namba yake ya idhini, kisha aikamilishe kwa kiasi halisi. Hapo benki inalinganisha namba na kiasi, inalipa hoteli, inaondoa uzio, na kilichozidi kinarudi mikononi mwa mwenyewe. Hatua hiyo ikirukwa, uzio unabaki hadi siku zake ziishe. Kwa Mastercard idhini ya awali inaweza kudumu siku 30, na kwa Visa hoteli na magari ya kukodisha yana muda unaokaribia huo. Benki nyingi huachilia mapema zaidi kwa kalenda zao wenyewe, na mteja wa kawaida haijui kalenda hiyo.

Makosa mawili ndiyo huzaa malalamiko mengi. La kwanza ni karani kufanya malipo mapya badala ya kukamilisha idhini ya zamani. Benki inaona vitu viwili visivyohusiana: malipo ya leo, na uzio wa juzi. La pili lina sura ya huku kabisa, na linahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Chukua mfano wa mwalimu wa Runyenjes aliyeitwa kwenye semina ya siku tatu Meru. Mshahara wake unapitia Sacco, na kadi yake ni ya SaccoLink, ile ya Visa inayopitia Benki ya Ushirika. Akaunti ina 23,000. Akifika hotelini Jumanne, chumba ni 4,000 kwa usiku, karani anashika 15,000: chumba kwa usiku tatu, na 3,000 za tahadhari. Mwalimu anatia namba ya siri akidhani amelipa. Ijumaa asubuhi waandaaji wa semina wanamtumia posho kwa M-Pesa, kama ilivyo desturi. Anafika mapokezi, anaambiwa bili ni 12,000. Anashangaa kidogo, lakini risiti inahitajika na gari linangoja, basi analipa kwa tili ya hoteli. Karani anamwambia, "Asante mwalimu, safari njema." Mashine ya PDQ haiguswi. Jumatatu mwalimu anataka 15,000 za karo na risiti ya ATM inamwonyesha 8,000.

Kwa bili ya 12,000, amelipa na kushikiwa jumla ya 27,000. Hoteli haikumwibia. Ilipokea kilicho chake kupitia mlango mmoja na kusahau kufunga mlango wa pili.

Kadi iliyobuniwa kwa watu wengine

Kwa nini mfumo uruhusu jambo kama hilo? Jibu liko kwenye historia yake. Zamani mwenye duka alipiga simu kuuliza kama kadi inafaa. Mwaka 1973 kampuni ambayo baadaye ilikuja kuitwa Visa, chini ya Dee Hock, ilianzisha mfumo wa kompyuta wa kutoa idhini, BASE I, na kazi ya dakika kadhaa ikawa ya sekunde. Kadi zilizotawala wakati huo zilikuwa za mkopo. Benki ikishika dola 200 kwenye kadi ya mkopo, inachoshika ni sehemu ya kiwango cha deni ilichomruhusu mteja. Mshahara wake haujaguswa. Anaweza kukaa wiki mbili bila kujua kwamba kuna kitu kilishikwa.

Kadi ya debiti ilikuja ikarithi utaratibu huo bila kubadilishwa. Na Kenya ni nchi ya debiti: kadi zilizo mifukoni mwetu kwa wingi zimefungwa moja kwa moja na akaunti ya mshahara, ya Sacco, au ya mauzo ya maziwa na majani chai. Uzio uliobuniwa uwekwe kwenye deni sasa unawekwa kwenye unga.

Hali ikawa nyeti zaidi Juni 2022, Safaricom na Visa zilipozindua kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Ni jambo zuri kwa kijana wa Chuo Kikuu cha Embu anayetaka kulipia kozi ya ng'ambo bila kufungua akaunti ya benki. Lakini pesa zinazotumika ni zile zile za M-Pesa anazonunulia chakula. Mfuko ni mmoja.

Utalii nao una mkono wake. Hoteli inayopokea wageni wanaoelekea Hifadhi ya Taifa ya Meru kupitia lango la Murera hupanga taratibu zake kwa ajili ya mgeni wa kadi ya mkopo kutoka Ujerumani au Uingereza. Kisha mwalimu wa Runyenjes anafika na SaccoLink, na karani anampitisha kwenye kanuni ile ile. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Hoja ya mwenye hoteli

Isidharauliwe. Chumba kisicholaliwa leo hakiwezi kuuzwa kesho, kama vile miraa iliyochelewa gari la alasiri haina mnunuzi asubuhi ya tatu. Mtu akipiga simu akahifadhi vyumba kumi vya semina kisha asitokee, hasara ni ya mwenye hoteli peke yake. Akidai depoziti ya pesa taslimu anaonekana mkali. Akishika pesa kwenye kadi anapata uhakika bila kuchukua mali ya mtu, na kwa nadharia hiyo ni heshima kubwa kuliko depoziti.

Hofu ya kutolipwa baada ya huduma ina mizizi mirefu nchini. Hospitali zilifika hadi kuzuia watu wenyewe: mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Pumwani kwamba kuwafungia wagonjwa kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zao. Ukilinganisha na hilo, kushika nambari kwenye akaunti ni ustaarabu. Nakubali hoja hiyo. Udhaifu wake ni kwamba inatetea kushika tu. Haisemi lolote kuhusu kuachilia. Haja ya hoteli ya kuwa na uhakika huisha siku mgeni anapolipa, ilhali mzigo wa mgeni unaendelea. Na ile nyongeza ya tahadhari, 3,000 kwenye mfano wetu, mara nyingi haina hesabu nyuma yake. Chumba kisicho na friji ya vinywaji wala simu ya kupiga nje kina tahadhari gani ya 3,000?

Hoja ya mteja

Mteja husema "wameniibia", na hapo anapoteza kesi kabla ya kuianza, maana anajibiwa kwamba hakuna muamala wa wizi. Angesema "mmeninyima matumizi ya pesa zangu", angekuwa juu ya mwamba.

Gharama ya kunyimwa inahesabika. Dalali wa miraa wa Maua anayenunua alfajiri kwa pesa mkononi, na shilingi 15,000 zake ziko nyuma ya uzio siku sita, amepoteza mtaji wa mizigo kadhaa, kwa kuwa pesa zake huzunguka karibu kila siku. Mwalimu aliyekwama Jumatatu atakimbilia Fuliza, mkopo wa M-Pesa ulioanza Januari 2019, na Fuliza hutoza asilimia 1 ya kiasi anachochukua, kisha ada ya kila siku hadi alipe. Pesa zake mwenyewe hazimzalii chochote zikiwa zimeshikwa, na za kuazima zinamtoza. Mwenye 300,000 kwenye akaunti hatahisi uzio huo. Mwenye 23,000 amefungiwa karibu theluthi mbili ya alicho nacho. Ada ingekuwa sawa kwa wote. Huu ni mzigo unaoongezeka uzito kadiri mfuko unavyopungua.

Iko pia hatari ya sarafu. Pesa zikishikwa kwa dola, kiwango cha siku ya kushika si lazima kiwe cha siku ya kulipa. Januari 2024 dola ilifika takriban shilingi 160, na miezi michache baadaye ilikuwa imeteremka hadi karibu 130. Dola 200 zilizoshikwa wakati wa kwanza ni 32,000. Zikilipwa wakati wa pili ni 26,000. Safari hiyo mteja angefurahi. Shilingi ikielekea upande wa pili, hatafurahi.

Kinachouma zaidi ni lugha. Ujumbe wa simu baada ya kadi kusomwa mara nyingi hutaja muamala na kiasi, bila kusema kama ni malipo au ni kushikwa tu. Na siku uzio unapoondolewa ni nadra kupata ujumbe wowote. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ikafuata mwaka 2012. Pale mapokezi kuna bango la kudai kitambulisho na bango la "hatuwajibiki kwa mali iliyopotea". Bango la kiasi kitakachoshikwa na siku kitakapoachiliwa mtu angelitafuta sana.

Benki katikati

Benki ya mteja ina hoja nzito: ikiachilia uzio kwa kuwa mteja amelalamika, kisha hoteli ikamilishe bili siku ya pili, akaunti inaweza kuwa tupu na deni likawa la benki. Kwa hiyo inataka barua au uthibitisho kutoka hotelini. Hoteli inasema mwambie benki yako. Kwa mwenye kadi ya Sacco kuna mlango wa ziada, kwa sababu kati yake na Visa kuna Sacco na kuna Benki ya Ushirika. Kila dirisha linamwelekeza kwenye dirisha lingine, kama mtu anayetafuta muhuri wa chifu siku ya baraza.

Hapa sina huruma nyingi na benki. Kushika ni ujumbe wa kompyuta wa sekunde mbili, na kuachilia ni ujumbe wa aina hiyo hiyo. Kutoandika neno "imeshikwa" kwenye SMS hakuna sababu ya kiufundi ninayoiona.

M-Pesa si dawa ya kila kitu

Wengi wataamua hivi: kadi achana nayo, lipa kwa M-Pesa. Tangu 2007 tumezoea pesa zinazokwenda mara moja na ujumbe unaofika kabla simu haijarudi mfukoni. Depoziti ya M-Pesa ina uwazi ambao kadi haina: unajua umetoa ngapi, umempa nani, saa ngapi.

Lakini tazama kilichotokea kisheria. Pesa zilizoshikwa kwenye kadi bado ni zako, ziko benki kwako. Depoziti uliyotuma kwa tili ni ya hoteli, na wewe umekuwa mdai wake. Ikikataa kurudisha, au ikifilisika, uko kwenye foleni na muuza mboga na muuza nyama. Uzio wa kadi una siku ya kufa hata watu wote wakisahau. Depoziti ya M-Pesa ikisahauliwa, imesahauliwa. Ombi la kurudishiwa kwa kutuma ujumbe kwa 456 lilikusudiwa hasa aliyekosea namba; malipo halali kwa biashara ni habari nyingine, na biashara yenyewe lazima ikubali.

Kuna mtego mdogo juu ya hayo. Hoteli ikirudisha 3,000 kwa mtu mwenye deni la Fuliza, Fuliza inajilipa kwanza. Pesa zimerudi na hazikufika.

Huduma za serikali zimechukua njia ya tatu: ada za kuingia hifadhini kupitia eCitizen hulipwa zote kabla. Hakuna kushika, hakuna kukisia. Ni safi kwa upande wa hesabu, ila mwenye kubadili safari ndiye atakayejua ugumu wa kufuata pesa zilizokwisha ingia.

Kupima

Kushika pesa kuna haki yake pale mambo mawili yanapokutana: bili haijulikani, na kadi ni ya mkopo. Mtalii wa wiki moja anayekula, kunywa na kufua hotelini, akiwa na kadi ya mkopo, ndiye aliyekusudiwa. Kwake utaratibu huu ni bora kuliko depoziti ya aina yoyote.

Bili ikijulikana, kama chumba na kiamshakinywa kwa usiku mmoja, kushika hakuna kazi. Mtoze mgeni mara moja akifika, mpe risiti, na chakula cha ziada alipe mezani. Hoteli ndogo nyingi za Chuka, Nkubu na Siakago hufanya hivyo bila kujua kwamba ziko mbele ya zile kubwa. Bili isipojulikana na kadi ni ya debiti, hapo ndipo pana ugumu wa kweli, na naegemea kushika gharama ya chumba pekee, bila nyongeza, kwa sharti kwamba mgeni ameambiwa kwa maneno na kiasi kikaandikwa kwenye fomu anayotia sahihi.

Mzigo wa kuachilia uwe wa nani? Kati ya watatu hawa, mteja hawezi kuondoa uzio hata akitaka, na benki haijui kama bili imelipwa kwa njia nyingine. Karani wa hoteli anajua, na anayo mashine mkononi. Kwake ni kubonyeza mara kadhaa na kutoa karatasi ya pili. Haki ya kushika ingefaa iambatane na wajibu wa kumkabidhi mgeni karatasi hiyo ya kuachilia kabla hajapanda gari, na Benki Kuu, ambayo tayari ina miongozo ya kulinda wateja wa benki, iagize SMS mbili: moja ya kushika, moja ya kuachilia, kila moja ikitaja kitu kwa jina lake.

Hadi hayo yafanyike, mgeni mwenye kadi ya mshahara ana maswali ya kumuuliza karani kabla hajatia namba ya siri: unatoza au unashika, kiasi gani, na nikilipa kwa tili Ijumaa utafuta hii? Aiweke ile karatasi ya PRE-AUTH kama anavyoweka risiti ya mwisho, maana namba sita zilizo juu yake ndizo benki itakazomuuliza Jumatatu.